Bingwa wa Kupigiwa Kura

Mwaka 1869 Marekani ilikuwa na timu mbili tu za futiboli ya vyuo (futiboli ya Kimarekani, si soka), Rutgers na Princeton, majirani wa jimbo la New Jersey. Novemba 6 Rutgers walishinda 6-4. Wiki moja baadaye Princeton wakalipiza, 8-0. Mechi ya tatu, ambayo ingemaliza ubishi, haikuchezwa. Ukifungua leo orodha ya mabingwa wa kale utakuta mwaka ule wametajwa wote wawili. Timu mbili, mechi mbili, mabingwa wawili. Hakuna aliyeshika mkia.

Naicheka habari hii kila nikiikumbuka, ila yaliyofuata kwa zaidi ya miaka 150 ni yale yale, timu zikiwa nyingi na hela zikiwa nyingi zaidi. Mmoja wa waliogawa mataji hayo ya kale ni Parke Davis, mtafiti ambaye miaka ya 1930 alikaa chini akarudi nyuma mwaka hadi mwaka akiwapa watu ubingwa. Davis alikuwa amesoma na kucheza Princeton, na Princeton hawakulala njaa katika orodha yake.

Sisi tuliokulia kwenye ligi tunapata shida kuelewa kwa nini jambo hili liwe gumu. Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kila moja inacheza na kila nyingine nyumbani na ugenini, zinatimia mechi 30, unafungua msimamo. Mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Unaweza kulalamika kwamba alibebwa na waamuzi, lakini hakuna watu wanaokaa mezani kuamua nani awe wa kwanza. Daraja la juu la futiboli ya vyuo Marekani lina timu zaidi ya 130, na mchezo wenyewe unavunja watu, haichezeki mara mbili kwa wiki. Kwa hiyo kila timu inapata mechi 12 hivi kwa msimu. Nyingi kati ya hizo ni za ndani ya konferensi, yaani kundi la vyuo ambalo timu imejiunga nalo. Zilizobaki chuo kinajitafutia chenyewe, na wakubwa hawaoni haya kualika vibonde na kuwalipa vizuri waje wapigwe. Timu mbili kubwa zinaweza kukaa miaka 20 bila kukutana. Utazipangaje?

NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kinatoa bingwa wa kikapu, wa kuogelea, wa mieleka, hata wa kulenga shabaha kwa bunduki. Bingwa wa futiboli ya daraja la juu hakijawahi kumtoa hata siku moja. Kazi yake imekuwa kuchapisha kitabuni majina ya waliochaguliwa na wengine.

Swali lenyewe lina sura mbili, na nadhani Wamarekani hawajawahi kuamua wanataka ipi. Ubingwa ni malipo ya kazi uliyoifanya, au ni ubashiri wa nani atamshinda nani wakikutana kesho? Anayestahili na aliye bora si lazima wawe mmoja. Kwenye ligi swali la pili haliulizwi. Pengine timu ya pili ilikuwa moto zaidi kufikia mwezi wa mwisho, washambuliaji wake wamepona, lakini pointi zimeshahesabiwa. Kwenye futiboli ya vyuo kila utaratibu umeyapika maswali haya katika sufuria moja.

Tuanze na hesabu. Mwaka 1926 Frank Dickinson, profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Illinois, alitengeneza kanuni ya kupanga timu. Knute Rockne, kocha wa Notre Dame, alipoisikia alimkaribisha na kumwomba airudishe nyuma hadi 1924, mwaka ambao Notre Dame hawakupoteza mechi. Profesa akairudisha. Kumbe hesabu nayo ina masikio.

Miaka kumi baadaye Alan Gould, mhariri wa michezo wa shirika la habari la Associated Press, akaanzisha kura ya kila wiki ya waandishi. Hakuficha nia: magazeti yalihitaji kitu cha kubishania kati ya Jumamosi moja na nyingine. Kwa hiyo chombo kilichokuja kuamua bingwa wa taifa kwa zaidi ya nusu karne kilizaliwa kama chambo cha wasomaji. Bingwa wake wa kwanza, Minnesota ya 1936, walikuwa wamefungwa 6-0 na Northwestern. Mwaka 1950 makocha nao wakapewa kura yao kupitia shirika la United Press, nchi ikawa na masanduku mawili na uwezekano wa wafalme wawili.

Vyuo vikajifunza kujihudumia. Alabama wanajihesabia ubingwa wa 1941. Msimu huo walipoteza mechi mbili, na kura ya waandishi iliwaweka nafasi ya 20. Narudia, ya ishirini. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye kanuni yake aliyewapa namba moja, na miaka ya 1980 ofisi ya habari ya chuo ikaona hiyo inatosha kabisa.

Kuna kituko kingine ambacho kijana wa leo akikisikia hawezi kuamini. Kwa miaka mingi kura ya mwisho ilipigwa kabla ya mechi za mwisho. Msimu ukiisha, timu nzuri hualikwa kwenye mechi za Krismasi na Mwaka Mpya, zinazoitwa bowl: Rose Bowl, Sugar Bowl, Orange Bowl na wenzake. Hizo zilihesabiwa kama sherehe tu. Mwaka 1964 Alabama walitangazwa mabingwa, wakaenda Orange Bowl wakafungwa na Texas, wakarudi nyumbani na kombe lao. Arkansas, ambao hawakufungwa na yeyote msimu mzima na walikuwa wamewashinda hao hao Texas, walitazama tu. Waandishi walibadili utaratibu moja kwa moja mwaka 1968. Makocha walingoja hadi 1974, baada ya Alabama wao wa 1973 kuangukia pua mbele ya Notre Dame, 24-23.

Kama ningeambiwa nichague dakika moja ya kueleza mambo haya yote, ningekwenda East Lansing, Michigan, Novemba 19, 1966. Notre Dame wa kwanza, Michigan State wa pili, wote hawajapoteza. Kwotabeki wa Notre Dame, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, ameshaumia na kutolewa, anacheza wa akiba, Coley O'Brien, kijana mwenye kisukari. Wametoka nyuma 10-0, sasa ni 10-10. Zimebaki kama sekunde 70, Notre Dame wana mpira kwenye yadi 30 ya upande wao wenyewe, mbali na lango la wapinzani. Uwanja mzima unangoja warushe pasi ndefu, wajaribu bahati. Kocha Ara Parseghian anaagiza mpira ukimbizwe katikati, polepole, saa iishe. Wachezaji wa Michigan State wanawazomea wapinzani wao ana kwa ana: rusheni basi! Hawarushi. Sare.

Wengi walimwita Parseghian mwoga, na hadi leo wapo wanaomwita hivyo. Mimi naona alisoma mchezo kuliko wote, maana alijua mechi yenyewe haikuwa ya Michigan State. Ilikuwa ya wapigakura. Akipoteza mpira na kufungwa, amekwisha. Akitoka sare ugenini akiwa na wa akiba, bado ni namba moja, na wiki inayofuata ana nafasi ya kumgaragaza mtu. Akawagaragaza USC (Southern California) 51-0. Bowl haikuwepo kwa yeyote kati yao: Notre Dame enzi hizo walikuwa hawaendi kwa hiari yao, na Michigan State walizuiwa na kanuni ya konferensi yao ya kutorudi Rose Bowl miaka miwili mfululizo. Kura zikawapa Notre Dame. Alabama, walioshinda mechi zao zote 11, wakaambulia nafasi ya tatu. Timu yao ilikuwa ya wazungu watupu, katika Alabama ya miaka ile, na mjadala wa kama hilo liliwanyima kura au ni ratiba nyepesi haujafungwa.

Miaka mitatu baadaye rais wa nchi naye akapiga kura. Desemba 1969 Richard Nixon alikwenda kutazama Texas wakiwashinda Arkansas 15-14, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akawakabidhi Texas ubao wa heshima wa mabingwa. Penn State nao walikuwa hawajafungwa. Kocha wao, Joe Paterno, aliisubiri nafasi yake hadi mwaka 1973, kashfa ya Watergate ikiwa imepamba moto, akauliza mbele ya wahitimu inakuwaje rais anajua machache kiasi hicho kuhusu Watergate na mwaka 1969 alijua mengi kiasi kile kuhusu futiboli.

Kwa nini wasiweke mtoano tu? Viongozi wa vyuo walisema vijana wana mitihani. Hoja hiyo sijawahi kuielewa, kwa sababu daraja la pili la vyuo hivyo hivyo limekuwa na mtoano tangu 1978, na vijana wake nao wana mitihani. Kilichozuia ni mechi za bowl zenyewe. Rose Bowl ilianza mwaka 1902 kama nyongeza ya maandamano ya maua ya Pasadena, kuwavuta watalii wa baridi waone jua la California. Kila mji wenye bowl una hoteli zake, kamati yake, mikataba yake. Rose Bowl tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa mali ya bingwa wa konferensi ya Big Ten na bingwa wa vyuo vya Pasifiki, na haikuwa tayari kumwachia mtu.

Hapa ndipo anapoingia mtu wa kwetu, ukikubali kwamba Kinshasa ni kwetu. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa huko, akakulia Kanada upande wa Montreal, akaenda kucheza Michigan. Novemba 1995 walikuja Ohio State, wa pili nchini, hawajapoteza hata mechi moja. Biakabutuka alikimbia na mpira yadi 313 siku hiyo, wakati mchezaji akivuka 100 watu husema amecheza vizuri. Michigan 31, Ohio State 23. Hadithi husimuliwa kama kisa cha kijana aliyewanyang'anya watu ubingwa. Lakini angalia mkataba. Mwaka ule vigogo wa bowl walikuwa na muungano wao wa kukutanisha wa kwanza na wa pili, Rose Bowl ikiwa nje yake. Ohio State wangeshinda wangepelekwa Pasadena, na Nebraska, namba moja, wangebaki Fiesta Bowl huko Arizona. Timu mbili zisizofungwa, kila moja na mechi yake. Mtoto wa Kinshasa aliwaokoa wapigakura.

Hakuwaokoa kwa muda mrefu. Mwaka 1997 jambo hilo likatokea kama lilivyo. Michigan hawakufungwa, wakashinda Rose Bowl. Nebraska hawakufungwa, wakashinda Orange Bowl 42-17 dhidi ya Tennessee. Waandishi wakawapa Michigan. Makocha wakawapa Nebraska, ambao kocha wao Tom Osborne alikuwa ameshatangaza anastaafu. Wapo wanaoamini hadi kesho kwamba ile ilikuwa zawadi ya kumuaga mwenzao, na mimi sina nguvu ya kuwabishia.

Kutokana na hapo ukaja mfumo wa BCS, kuanzia msimu wa 1998, ukichanganya kura na kompyuta ili kupata wawili wa kucheza fainali. Sitaumaliza hapa, ulikuwa na mabadiliko karibu kila mwaka, kila moja likitibu kidonda cha mwaka uliopita. Nebraska wa 2001 walifungwa 62-36 na Colorado mwishoni mwa msimu na bado wakapangwa fainali, ambako walichapwa tena. Kilele kilikuwa 2003. Oklahoma walikuwa wakisifiwa kama timu bora kuliko zote, wakaenda fainali ya konferensi yao wakapigwa 35-7 na Kansas State. Kompyuta hazikujali, zikawabakiza juu. USC, waliokuwa wa kwanza katika kura zote mbili, wakaachwa nje. LSU (Louisiana State) wakawashinda Oklahoma 21-14. Makocha walifungwa na makubaliano ya kumpigia mshindi wa fainali hiyo, lakini watatu wakakaidi. Waandishi, wasiofungwa na mtu, wakawapa USC. Kwa hiyo mfumo ulioletwa kuondoa mabingwa wawili ukaleta mabingwa wawili. Mwaka uliofuata Auburn walimaliza bila kupoteza na hawakuonja fainali, na waandishi wakaiondoa kura yao kwenye hesabu za BCS.

Lawama zote walibebeshwa kompyuta, masikini. Ila kompyuta ndiyo iliyokuwa ikijibu swali moja bila kuyumba, la nani amefanya nini. Binadamu ndio waliokuwa wakihama kutoka swali hadi swali kadiri walivyopenda. Kelele zilifika hadi Bunge la Marekani, ambako mbunge mmoja wa Texas aliufananisha mfumo huo na ukomunisti. Barack Obama alipotaka mtoano mwaka 2008, nadhani ilikuwa moja ya kauli zake chache zilizopigiwa makofi na pande zote mbili.

Mtoano wa timu nne ulianza msimu wa 2014. Wateuzi hawakuwa waandishi tena, walikuwa jopo la watu 13 linalojifungia kwenye hoteli ya Grapevine, Texas, likipanga timu wiki baada ya wiki. Ohio State waliingia wakiwa wa nne na wakatwaa kombe, jambo lililothibitisha kwamba chini ya BCS bingwa huyo asingepewa hata nafasi ya kujaribu. Basi ugomvi ukahama kutoka nafasi ya pili hadi ya nne. UCF (Central Florida) wa 2017 walishinda mechi zote 13, ya mwisho ikiwa dhidi ya Auburn, ambao msimu huo huo walikuwa wamewashinda Alabama na Georgia, ndio hao waliocheza fainali. Hawakualikwa. UCF wakajitangaza mabingwa, wakafanya gwaride Disney World, na kanuni moja ya hesabu ikawaunga mkono kiasi cha kuingia kitabu cha NCAA. Watu waliwacheka. Mimi niliwaelewa: walikuwa wakifanya kile ambacho Alabama na Princeton walishafanya, ila bila umri wa kukipa heshima.

Halafu 2023. Novemba 18, Jordan Travis, kwotabeki wa Florida State, alivunjika mguu katika mechi dhidi ya North Alabama, timu ya daraja la chini. Timu ikaendelea kushinda. Fainali ya konferensi waliicheza na kwotabeki wa tatu, kijana wa mwaka wa kwanza, wakashinda 16-6. Mechi 13, ushindi 13. Siku iliyofuata wakakusanyika mbele ya televisheni, kamera zikiwaelekea, wakaona nafasi ya nne ikipewa Alabama waliokuwa wamepoteza moja. Mwenyekiti wa jopo alieleza kwamba bila Travis hii ilikuwa timu nyingine. Travis aliandika mtandaoni kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu waone timu ile haikuwa yeye peke yake.

Nimeirudia mara kadhaa sentensi hiyo. Kijana wa watu anaomba radhi kwa kuumia wakati usiofaa. Na ukiondoa huruma pembeni, hoja yake haina jibu. Kwa miaka 150 walioachwa nje walikuwa wakiambiwa ratiba yenu nyepesi, mlipoteza moja, konferensi yenu dhaifu. Florida State waliambiwa: mmeshinda kila mtu, ila tunadhani hamtashinda. Hapo jopo liliacha kuhesabu na kuanza kupiga ramli. Watetezi wake hutaja Orange Bowl iliyofuata, Georgia 63, Florida State 3. Lakini wachezaji wengi walikuwa wameshajitoa kwa kukosa cha kupigania, na kipigo cha Desemba 30 hakiwezi kuwa ushahidi wa uamuzi wa Desemba 3.

Ningekuwa na rungu, ningeweka mabingwa wa konferensi tu. Umeshinda kundi lako, umeingia, wengine wangoje mwakani, jopo liende likalime. Najua haiwezekani. Notre Dame hawana konferensi na hawataki kuwa nayo, na konferensi mbili tajiri, SEC na Big Ten, haziwezi kukubali timu moja moja wakati televisheni imeahidi dola bilioni 7.8 kwa miaka sita.

Badala yake zikaja timu 12, kuanzia msimu wa 2024. Mabingwa watano wa konferensi wanaingia kwa haki, saba wanateuliwa. Ugomvi ukasogea tena, sasa Alabama na SMU (Southern Methodist) wakigombea nafasi ya mwisho. Mabingwa wanne wa juu walipewa raundi ya kwanza bure wapumzike, na wote wanne wakatolewa katika mechi yao ya kwanza. Mwaka uliofuata kanuni ikabadilishwa.

Notre Dame walifika fainali ya kwanza ya utaratibu huo, wakiwa wamefungwa nyumbani Septemba na Northern Illinois. Bingwa akawa Ohio State, aliyepangwa wa nane. Ohio State hawakuwa hata kwenye fainali ya konferensi yao, kwa sababu Novemba 30, wakiwa uwanjani kwao Columbus, walifungwa 13-10 na Michigan. Michigan walichomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikarushwa, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Michigan hao walimaliza msimu kwa kushinda mechi nane na kupoteza tano. Januari, Ohio State walipoinua kombe Atlanta, mashabiki wa Michigan walikuwa wanauliza kama na wao wanaweza kupewa kipande.